Zamzam kwenye Sinia la Zaki

Chupa ilikuwa imeshainama. Muhiba aliiona ikiinama, akayaona maji yakijikusanya mdomoni mwake, na mkono wake mwenyewe, mkono ambao tangu usichana haukuwahi kuona jambo ukaliacha lipite, ukabaki umelala pajani kama wa mtu mwingine.

“Bismillahi,” alisema Fowsiya, Mama Hared, jirani wa mlango wa pili, na Zamzam ikashuka juu ya sinia.

Haikuwa nyingi. Labda kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Ikatambaa juu ya udongo mweusi, ikaizunguka miche myekundu iliyokuwa sawa na vichwa vya njiti za kiberiti, kisha ikazama.

“Chupa hii nimeishika mkononi toka Makka, sikuitia kwenye mzigo,” Fowsiya alisema, akiifunga kwa taratibu. “Nikasema, tone la kwanza la mtu wa nje ni la Muhiba. Wewe umekunywa, umeomba. Sasa na hawa majini wako wala nzi wanywe wapone. Mbona wamesinyaa hivyo?”

“Hawajasinyaa, dadangu. Ndivyo walivyo.”

“Basi watanenepa, in sha Allah.”

“In sha Allah,” Muhiba aliitikia, na ulimi ukamwasha.

Utamwambia nini mtu aliyetoka Nyumba ya Mungu juzi, miguu bado imemvimba, aliyekukumbuka kule katikati ya halaiki ya watu? Utamwambia yarudishe? Utamwambia baraka yako ni sumu? Muhiba alimsindikiza mlangoni, akamshukuru mara mbili, akamshukuru na ya tatu, akafunga mlango. Halafu akabaki amesimama ameshika komeo, moyo unamwenda mbio kama cherehani iliyokatika mkanda.

Mimea yenyewe ilikuwa ya ajabu. Kila jani lake dogo lilikuwa na vinywele, na kila kinywele kimebeba tone la umande unaonata. Nzi mdogo akitua pale, hatoki. Jani humkunja polepole, likamla. Zaki, mwanawe, ndiye aliyeipanda, kwa mbegu nyembamba kama vumbi la ugoro, ambazo hazifukiwi, humwagwa tu juu ya udongo na kuachwa. Na udongo wake hautaki mbolea, hautaki samadi, hautaki maji ya mfereji wala ya kisima, maana chumvi kidogo iliyomo ndani ya maji huiunguza mizizi. Hutaka maji ya mvua peke yake. Na Zamzam, kila aliyewahi kuionja anajua, ina uzito wake ulimini. Ina madini ya ardhi ile.

“Usifanye kitu,” Zaki alikuwa amemwambia alipoleta sinia. “Maji ya mvua yasipungue kwenye sinia. Basi. Usichimbue, usipanguse, usigeuze. Usifanye kitu, Mama.”

Alikuwa amesimama kizingitini akisema hayo, viatu mguuni.

Hapo kwenye viatu ndipo palipokuwa na donda. Mwaka uliopita Muhiba alikwenda chumbani kwa Zaki kule Makadara, yeye akiwa kazini, kwa ufunguo aliokuwa ameachiwa. Alisugua sakafu hadi ikang'aa. Aliosha mapazia. Chini ya dirisha akakuta vibakuli vya udongo uliojaa maji, vimeota kitu kama kuvu, nzi wamekufa juu yake, na akaona huruma: mtoto wangu anaishi na uchafu huu. Akavimwaga vyote kwenye pipa la nje. Akaviosha vibakuli kwa sabuni na majivu, akavipanga juu ya meza vikimeta, akamwachia biriani ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alirudi nyumbani akiimba.

Zaki hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtesa Muhiba, kwamba hakupiga kelele. Alipiga simu jioni, akasema, “Asante kwa chakula.” Kesho yake akaja kuomba ufunguo. Tangu siku ile alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya swala, kwa adabu zote, lakini hakuvua viatu tena. Husimama pale kizingitini kama mtu wa kusoma mita za stima, huuliza hali, hupokea chakula kilichofungwa, hushuka ngazi.

Mpaka jengo jipya likapanda kando ya chumba chake na kumziba dirisha. Zaki alikuwa ameanza upya na mbegu nyingine, na miche ilikuwa imechomoza tu, ikageuka rangi kwa kukosa jua. Dirisha la Muhiba, ghorofa ya tatu hapa Majengo, hupokea jua tangu linapotoka nyuma ya mapaa ya Gikomba. Hakuwa na pengine pa kuipeleka. Akaileta kwa mama yake akiwa amelikumbatia sinia kifuani, na uso wa mtu anayemkabidhi mwizi funguo za duka.

Na kesho ilikuwa Ijumaa. Si Ijumaa ya kuuliza hali. Zaki alikuwa amepata chumba kingine, chenye dirisha, na kesho alikuwa anakuja na boksi kuchukua mimea yake.

Muhiba aliachia komeo. Akaenda dirishani, akarudi. Akafungua kabati, akafunga. Akaitazama miche kwa miwani, akaitazama bila miwani. Vijitone vya umande bado vilikuwa juu ya vinywele, ila alijidanganya au ni kweli, vilikuwa vimeanza kupungua?

Kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo za mitumba. Wachuuzi wa Gikomba humletea suruali za wazungu wanene, naye huzifumua, huzipunguza, huzishona upya zikamkaa Mnairobi. Mkono wake haukuweza kuona uzi unaoning'inia ukauacha. Kwenye matanga amewahi kumpinda mtu kola akiwa analia. Miezi hii yote, kukaa chumba kimoja na sinia lile bila kuligusa kulikuwa kazi ngumu kuliko kushona. Kila asubuhi alikuta jani moja dogo limekufa, jeusi, linaning'inia, na vidole vikamwasha kulichomoa. Hakulichomoa. Alishika mkasi, akakata uzi wa nguo badala yake. Na leo, siku moja tu ambayo ilimpasa kuunyoosha mkono na kuushika mkono wa mwenziwe, leo ndiyo aliyochagua kukaa kimya!

Maji yaliyoingia yalitakiwa yatolewe, yasukumwe nje na maji mengine safi. Hilo alilijua bila kuambiwa, kama ajuavyo kusuuza sabuni kwenye nguo. Lakini dumu la maji ya mvua lilikuwa limebaki vidole viwili tu, na nje Februari ilikuwa inachoma mabati, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kutania.

Ndipo akakumbuka neno la Zaki, alilolitupa akiwa tayari anashuka ngazi: mvua ikikosekana, barafu ya friji, ile inayojigandia yenyewe ukutani. Ile haina chumvi.

Muhiba alichukua beseni, akajitupia leso kichwani, akashuka.

Phelister alikuwa na kibanda chini ya ngazi, na ndani yake friji kubwa ya kulala aliyouzia soda, barafu za watoto na samaki wa kutoka kwao ziwani. Alikuwa anajipepea kwa kifuniko cha ndoo.

“Mama Zaki! Karibu. Unataka fillet ama mzima?”

“Sitaki samaki, Mama. Nataka barafu.”

“Ya kunyonya? Ya machungwa imeisha.”

“Ile ya ukutani. Ile theluji iliyojigandia yenyewe.”

Phelister aliacha kujipepea. “Hiyo mimi huwa natoa natupa.”

“Leo usitupe.”

“Ni ya nini?”

Muhiba hakuwa na nafasi ya kutunga uongo. “Ya kusuuza Zamzam.”

“Zamzam si ndiyo ile maji yenu takatifu?”

“Ndiyo hiyo.”

“Sasa unasuuza takatifu na barafu ya samaki?” Phelister alicheka mpaka akashika meza. “Wuololo! Mume wangu Tobias akirudi nitamwambia aketi kwanza.”

“Samaki si wako chini, kwenye mifuko? Mimi nataka ya huku juu, kwenye ukingo. Ile nyeupe pee.”

Alikuwa ameshafungua friji na ameshachukua kisu cha samaki, na ncha ilikuwa imeshagusa barafu, Phelister alipomdaka kifundo cha mkono.

“Wacha kisu! Utanitobolea hii kitu gesi itoke, nianze kulia na wewe. Keti hapo. Tunazima, tunangoja ilegee, inaanguka yenyewe.”

“Itachukua muda gani?”

“Muda yake.”

Muhiba aliketi kwenye kreti. Akasimama. Akachungulia. Akaketi. Akauona upindo wa aproni ya Phelister umefumuka nyuma, na kabla hajajua, sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kifua cha gauni lake ilikuwa mkononi, na mwenye aproni akiwa bado ameivaa.

“Mama Zaki, unanidunga.”

“Tulia, namaliza.”

“Wewe huwezi kukaa tu?”

“Siwezi,” Muhiba alisema, na akakata uzi kwa meno. Kisha akamsimulia, kwa sauti ndogo, akielekea aproni.

Phelister alisikiliza bila kucheka. “Si umwambie kijana tu vile ilikuwa? Ni Mama Hared alimwaga. Si wewe.”

“Ataamini? Mara ya kwanza nilikuwa mimi. Mara ya pili nitasema ni jirani? Hata mimi nisingeamini.” Alilaza upindo kwa kidole gumba. “Na akichukua sinia lake kesho, hata lingekuwa zima, atarudi kufanya nini? Miezi hii yote mwanangu amekuwa akija kuitazama mimea, Phelister. Mimi alikuwa ananisalimia njiani.”

Ndani ya friji kitu kilipasuka, kikaanguka. Bamba la barafu, jeupe, pana kama sahani ya pilau.

Kazi ya kusuuza aliifanya alasiri ile, mlango umefungwa. Aliyayeyusha mabamba ndani ya sufuria safi iliyosuguliwa bila sabuni, akayachuja kwa kitambaa cha hariri, akayaonja. Hayakuwa na ladha yoyote, si ya samaki, si ya kitu. Yalikuwa kama kuonja hewa. Akainua kutoka kwenye sinia kibakuli chenye matundu chini, kilichobeba udongo na miche, akakiweka juu ya mwiko uliolazwa kwenye mdomo wa jagi. Angemimina kwa kikombe, miche ile ingeng'oka yote. Kwa hiyo alichukua bomba dogo la kunyweshea watoto dawa, akaanza kudondosha tone, tone, ukingoni, mbali na vinywele. Tone, akangoja lizame. Tone, akangoja. Mgongo ukamuuma. Mguu ulikuwa unapigapiga sakafu wenyewe kama unakanyaga cherehani. Mara nne alitaka kuacha, mara nne akataka kumwaga yote kwa mkupuo yaishe, na mkono ukaendelea kudondosha.

Chini ya kibakuli, maji ya kahawia yalijaa kwenye jagi.

Na hapo akakumbwa na shida nyingine. Yale maji ya kahawia yalikuwa na Zamzam ndani. Zamzam haimwagwi chooni. Haimwagwi kwenye mtaro ambapo bata wa jirani huoga na watu hutema mate. Huko uani kote ni saruji. Hakuna kipande cha ardhi safi cha ukubwa wa kiganja. Muhiba alisimama na jagi, akazunguka nyumba nayo, jikoni, dirishani, jikoni tena, kama mtu aliyebeba mtoto asiyelala.

Mwishowe akachukua bilauri. Akaelekea kibla, ukutani penye kabati, akaketi, akataja jina la Mungu, akanywa kwa pumzi tatu.

Yalikuwa na ladha ya majani yaliyooza na moshi wa mbali. Yalipofika tumboni yakatulia. Zamzam hunywewa kwa nia, na nia hutajwa, lakini alipofungua kinywa kutaja, hakujua aanze na mimea au na viatu. Akasema tu, “Ya Rabbi, unajua.” Akanywa ya pili. Jagi lilibaki nusu, na tumbo likakataa.

Asubuhi miche haikuwa na umande. Michache ilikuwa nao, ile ya pembeni. Mingine ilikuwa mikavu, vinywele vimesimama vitupu kama ndevu za mzee.

Zaki alifika baada ya swala, kanzu imepigwa pasi, boksi chini ya kwapa. Alisimama kizingitini.

“Assalam alaikum, Mama.”

“Waalaikum salaam, mwanangu. Karibu.”

“Hapa panatosha. Nipe tu sinia, teksi inangoja chini.” Akanyoosha shingo kuelekea dirishani. “Wako salama?”

Kila Ijumaa Muhiba alikuwa akijibu, wako salama. Neno lilikuwa limekaa tayari kinywani, limeshavaa nguo. Na nyuma yake jina la Fowsiya nalo lilikuwa tayari, na lingekuwa kweli tupu.

“Walimwagiwa Zamzam jana,” Muhiba alisema.

Uso wa Zaki ukafungika. Aliujua uso ule. Ndio uliokuja kuomba ufunguo. “Nani aliyemwaga?”

“Nilikuwa nimekaa hapo kwenye kiti. Niliona chupa inainama. Sikuzuia.”

“Wewe?”

“Mimi.”

“Wewe, Mama, uliona kitu kinafanywa mbele yako, ukakaa?”

“Nilikaa.”

Zaki alimtazama. Kitu fulani kilitikisika pembeni mwa mdomo wake, akakiuma kisitoke. “Na huyo jirani aliyetoka Umra hakuwa na mahali pengine pa kuitia?”

“Sijataja jirani.”

“Mama, mtaa mzima umenyweshwa. Hata mimi ameniwekea chupa pale msikitini, kampa mwanawe aniletee.” Akahamisha boksi kwapa la pili. “Kisha? Ukafanya nini?”

Akamwambia. Barafu, kisu, bomba la dawa. Alipofika kwenye jagi alilionyesha kwa kidevu, likiwa juu ya meza limefunikwa kawa, na Zaki akauliza mengine yako wapi.

“Nimekunywa.”

“Umekunywa maji ya kinamasi?”

“Ningeimwaga Zamzam chooni, Zaki? Nimekulea hivyo?”

Teksi ilipiga honi chini. Zaki aliiacha ipige. Akaweka boksi sakafuni. Akainama, na Muhiba, aliyekuwa ameanza kumtazama usoni, akajikuta anatazama vidole vyake vikihangaika na kamba za viatu, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Mkono wake ulitaka kwenda kumsaidia kufungua fundo. Akaushika kwa mkono wa pili.

Zaki aliingia, na hatua mbili tu ndani, goti lake likagonga chuma nyuma ya mlango.

“Hii cherehani imefanya nini huku?”

“Iko hapo.”

“Si ilikuwa dirishani? Tangu nizaliwe iko dirishani.”

“Dirishani kuna sinia.”

Alitazama kona ile yenye giza, taa ndogo iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa cherehani, suruali nusu iliyopinduliwa ikingoja. “Unaona mshono huku?”

“Nusu naona. Nusu nabahatisha.”

Zaki alikwenda dirishani akachuchumaa, uso karibu kabisa na sinia, akitazama bila kugusa, na Muhiba akasubiri nyuma yake, akihesabu pumzi za mtoto wake kama zamani alipokuwa na homa.

“Hawana umande,” Zaki alisema.

“Watakufa?”

“Sijui. Wengine ndiyo. Ulipowasuuza ulifanya vizuri, lakini sijui. Tungoje majani mapya. Yakija na umande, basi.”

“Yatakuja lini?”

“Muda wake.”

Muhiba karibu acheke, au alie. Alijifuta puani kwa leso. “Na boksi?”

“Wakibebwa sasa hivi, na mitikisiko ya barabara, ndiyo kwisha kabisa.” Alichukua simu, akamwambia mwenye teksi aende. Kisha akasimama, akaenda mezani, akafunua jagi, akanusa, akamimina bilauri nusu. Akaketi sakafuni mahali pale pale alipokaa mama yake jana, akaelekea kabati. Midomo yake ilicheza. Aliomba nini, hakusema. Akanywa kwa pumzi tatu, na ile ya tatu ikamkunja uso mzima.

“Mama! Hii kitu!”

“Maliza. Usibakishe.”

Akamaliza. Kutoka Gikomba nyundo za maseremala zilipanda na upepo, zikikosana, zikikutana, zikikosana tena. Muhiba alivuta kigoda karibu na dirisha, akaketi, akaweka mikono chini ya mapaja yake na kuikalia. Zaki alibaki sakafuni, miguu bila viatu ameinyoosha, soksi moja ina tundu kwenye kidole, na tundu lile mama aliliona, akaliona tena, akageuza macho kwa nguvu.

Nzi mdogo, wale wa ndizi zilizoiva, akaingia dirishani. Akazunguka. Akatua ukingoni mwa sinia.

Mkono wa Muhiba ukachomoka wenyewe kumfukuza, kama unavyofukuza nzi kwenye chakula cha mtoto, ukafika katikati ya hewa, ukasita hapo, umefunguliwa. Nzi akatembea kidogo, akasimama, akapangusa miguu yake ya mbele, akatembea tena.